Safu ya Mawenzi

Daftari la baba lina safu nne:
tarehe, mvua, upepo umetoka wapi,
na ya mwisho, nyembamba, aliyoichora kwa rula ya mbao:
Mawenzi.
Humo aliandika neno moja tu kila alfajiri,
umeonekana, au haukuonekana,
akafunika kalamu, akaenda kuwakatia ng'ombe majani.

Hapa Kidia ukisema "mlima" watu hugeukia kushoto,
kwenye Kibo, kichwa cheupe kinachouzwa kwenye kalenda.
Mawenzi uko kulia, mashariki,
meno ya msumeno uliotupwa baada ya kazi.
Hauna barafu ya kudumu. Theluji ikiushukia usiku,
hadi saa nne asubuhi imeshachuruzika kwenye nyufa,
na mwamba unabaki mweusi, umelowa,
kama ng'ombe aliyetoka kuvuka mto.

Mwamba wenyewe haushikiki.
Usiku baridi huyagandisha mawe,
yanashikana kama ndugu msibani;
jua likichomoza, kila moja linakwenda zake.
Baba alisema: ukiwa chini yake asubuhi
usiongee, sikiliza.
Kuna kokoto inayotangulia, tak,
halafu kimya,
halafu ukuta mzima.

Mara moja kwa mwaka, mwishoni mwa Septemba,
Idara ilimtuma apande na Aminieli, mbeba maji,
wapite msitu wenye miti ya ndevu,
wapite lobelia zinazofumba majani usiku
kama mtu anayejikunyata ndani ya blanketi fupi,
hadi kwenye tambarare kati ya vilele viwili,
ambako hakuna mti, hakuna mfongo, hakuna kihamba cha mtu,
vumbi tu, na kunguru mwenye shingo nyeupe
anayekukagua kama karani wa kodi.
Huko kulikuwa na kopo la chuma, refu hadi kiunoni.
Ndani yake mvua ya mwaka mzima,
na juu ya mvua utando wa mafuta,
jua lisije likainywa.

Aliingiza ufito. Aliusoma mara mbili.
Milimita mia moja tisini na nane.
"Mwaka mzima?" nilimuuliza aliporudi, nikiwa na miaka tisa.
"Mwaka mzima."
Sisi masika ile tulipata hizo kwa siku tano,
migomba ikainama, mfongo ukabeba daraja la akina Ndetaulwa.
Nikashangaa: wingu linapanda likipita juu yetu,
linamwaga kila kitu msituni,
linafika kwa Mawenzi mikono mitupu.
Baba akacheka.
Mgeni wa namna hiyo tunaye kwenye ukoo, alisema.
Hakumtaja.

Siku hizi kopo halipo.
Chupa ya hapa nyumbani ipo, nami ndiye msomaji,
saa tatu kamili, nikiwa nimeinama, jicho usawa wa maji.
Juni na Julai ukungu hukaa hata wiki mbili,
haukuonekana, haukuonekana, haukuonekana,
mwandiko unachoka, unakuwa mstari tu.
Naandika hata hivyo.
Kutoonekana nako ni hali ya hewa.

Siku tuliyomzika, Novemba, vuli ilianza saa nane
tukiwa bado na majembe mkononi.
Hakuna aliyekwenda kwenye chupa.
Kesho yake nilisoma: thelathini na sita nukta mbili,
mvua ya siku mbili katika chombo kimoja,
na sijui kanuni ya kuitenganisha,
ya kabla ya udongo na ya baada.
Niliinua macho. Wingu lilikuwa limeshuka hadi kwenye miparachichi.
Na jana yake?
Sikumbuki kama niliangalia juu.

Safu ya nne, tarehe kumi na tisa,
iko wazi mpaka leo.
Pembeni kuna alama ya kidole gumba, ya tope,
yangu, au ya Aminieli.