Behewa la Nne

Treni ya jioni imefika Syokimau toka kisiwani.
Abiria wameondoka na picha zao.
Nzilani apanda na ndoo.
Jina lamwita mzaliwa wa njiani,
lakini njia hii huisoma kiooni tu:
vumbi jekundu la Tsavo,
bawa la panzi,
chapa ya pua ya mtoto
aliyetaka kumkaribia ndovu.

Pembeni, chini, pana ukungu mweupe.
Siku ya kwanza aliugusa kwa ncha ya ulimi.
"Chumvi," akasema. "Bahari hiyo."
Msimamizi Barasa akaangua kicheko:
"Sabuni ya jana, mama. Hukusuuza."

Huenda.
Ila behewa la nne huliacha mwisho,
na kabla hajachovya kitambaa
hutazama nyuma, kuona kama yuko peke yake.