Uga Wenye Herufi Ndogo

Shekuwe aliacha funguo, kikombe chenye ufa
na mistari elfu tisa isiyo na maelezo.
Ngamiani, ghorofa ya pili, juu ya duka la vitenge,
feni inazunguka kama mtu anayetafuta neno,
nami nimekabili muundo uitwao Mfugaji
ambao sijui una vyumba vingapi.

Kuna njia ya kuuliza bila kubomoa.
Unaushika muundo programu ikiwa inakwenda,
unauambia: jitaje.
Nao hujitaja, bila haya,
kama mtoto wa chuoni anayehesabu vidole:

Jina, maandishi.
Kijiji, maandishi.
LitaAsubuhi, desimali.
LitaJioni, desimali.
Mafuta, desimali, na lebo imebandikwa ubavuni:
*isitoke kwenye risiti, watagombana.*

Nikacheka peke yangu. Shekuwe huyo.

Halafu uga wa sita:
msamaha, namba kamili.

Herufi ndogo mwanzoni.
Katika lugha hii herufi ndogo ni komeo la ndani.
Jina utaliona, aina utaiona,
lakini thamani ukitaka kuitoa nje
programu inaanguka chali.
Ni kama kupita uchochoroni usiku
ukaona taa nyuma ya pazia:
umo mtu. Basi.

Nilifuata uzi mpaka saa tisa.
Msamaha hupanda mwezi ule ng'ombe anapokufa,
kisha hulila deni, kidogokidogo,
kama mchwa alavyo mlango wa mwenye nyumba.

Ndipo nikamkumbuka Bi Mhina wa Pongwe,
Jumanne, na risiti yake iliyokunjwa mara nne:
"Mwaka wa ndigana nilizika mitamba mitatu.
Deni likaisha lenyewe. Mwanangu, mashine husahau?"
Nikamjibu kwa kujiamini, mashine haisahau.

Ijumaa meneja anataka jedwali:
kila mfugaji, kila uga, wakaguzi wanakuja kutoka Dodoma.
Kitanzi changu kiko tayari, kinapita kote,
kinachapa kila kinachoanza kwa herufi kubwa.
Kilichobaki ni m iwe M.

Chini, pikipiki ya Muheza inashusha makopo ya maziwa,
yanagongana, moja limevuja hadi mlangoni kwa muuza vitenge,
naye anapiga kelele.
Nimeinuka kwenda dirishani kutazama.
Kishale kimebaki mbele ya ile m,
kinawaka, kinazima.