Mraba Mweupe

Kannur, kusini mwa Uhindi, 1975

Kibandani kwa Kelappan walikaa watu ishirini na wawili,
ungo mapajani: mkasi, jani, tumbaku, uzi.
Walisokota bidi, na kwa bidii,
isipokuwa mmoja, Chathukutty, msomaji.
Bidi zake alisokotewa na wenzake,
kila mtu hamsini kwa siku,
ujira wa koo.

Mimi, mtoto wa miaka tisa,
nilifunga vifurushi vya ishirini na tano
na kumpelekea maji yaliyochemshwa na bizari nyembamba.
Saa tatu asubuhi alikunjua gazeti polepole,
kama mtu anayemfunua mtoto aliyelala.
Bei ya mchele. Mgomo wa reli. Hotuba za bungeni:
akifika kwa waziri, alibana pua.

Pokkan, ambaye shule aliiona kwa nje tu,
ndiye aliyekuwa akimkatiza.
"Fedha za mfereji zimepotea," Chathukutty anasoma.
"Zimepotea zenyewe? Zina miguu?
Rudia hapo. Nani kazipoteza?"
Sarufi yangu niliipatia hapo, mkekani:
kitenzi kisicho na mtenda
ni mlango uliofungwa kwa ndani.

Juni ile gazeti halikuja siku mbili.
La tatu likaja, jepesi mkononi.
Ukurasa wa pili, mahali pa tahariri,
mraba mweupe, umezungushiwa mstari mweusi,
kama kitanda kilichokwisha kutolewa maiti.

Chathukutty akafika pale, akanyamaza.
Tulidhani anameza mate.
Mikasi ikaenda, ikaenda.
"Soma basi," akasema Moosa.
"Ninasoma."

Akashuka nayo kwa macho, mstari hadi mstari,
hakuruka hata aya moja.
Tumbaku ikapanda puani, hakuna aliyepiga chafya.
Kisha akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shuka.
"Mwisho wa tahariri."

Baadaye hata ule weupe ulikatazwa.
Mkaguzi alitaka pajazwe, pakajazwa:
methali, namna ya kuchemsha samli,
treni zinazofika kwa wakati.
Chathukutty alizisoma treni kwa pua iliyobanwa.
"Nani kasema?" Pokkan akauliza.
"Haikuandikwa."
"Basi hakuna aliyesema. Endelea na samli."

Ambu alichukuliwa usiku wa Jumapili.
Gazeti la Jumatatu lilikuwa na samli.
Ungo wake tuliuacha pale ulipokuwa,
na majani yake yakakauka,
yakajikunja bila mkono wa mtu.

Ikapita miezi ishirini na mmoja. Tukapiga kura.
Baba alirudi na wino kidoleni. Niliunusa,
haukunuka kama gazeti.

Matokeo yakaja. Kaskazini ya mbali,
walioleta kimya waliangushwa.
Huku kwetu walizoa viti vyote.
Chathukutty alisoma habari zote mbili kwa sauti moja,
pua wazi, maana ndiyo kazi aliyosokotewa.
Baba akatoka nje, akatema mate.
"Watu wamelishwa samli miaka miwili,"
akasema Moosa, jani halijamtoka mkononi,
"ulitaka wachague nini?"
Pokkan hakusema kitu.
Kisha, kwa sauti ya chini: "Rudia. Jimbo kwa jimbo."

Ukurasa ule ninao hadi leo.
Mraba si mweupe tena,
umekuwa rangi ya chai sawa na kingo zake.
Bila ule mstari mweusi
usingejua kwamba hapo palikosekana neno.

Mjukuu wangu Sreeja, anayesoma kila kitu,
hata maandishi ya viberiti,
ameuweka mapajani, ananiuliza pameandikwa nini.

Ngoja nivae miwani, namwambia.
Ni ndefu.