Siku ya Kumi na Moja

Jumanne tulimwaga uji wa saruji, ndoo kumi na sita,
chumba cha nyuma, ghorofa ya chini, mjini Liepaja.
Ukatambaa wenyewe hadi pembeni,
ukajaza mabonde ya zege kuukuu,
ukatulia, kimya kama maziwa kwenye sahani.
Baada ya saa nne nilikanyaga. Haukubonyea.
Ilgvars akapiga makofi: "Basi! Kesho mbao!"

Kukanyagika si kukauka, nikamwambia.
Akanitazama jinsi mimi ninavyomtazama
daktari wa meno akitaja bei.

Mama yake alikuwa anatoka hospitali Ijumaa,
nyonga mpya ya chuma, fimbo mpya ya alumini.
Ukumbini mialoni ilikuwa imelala, pakiti ishirini na mbili,
ikizoea hewa ya nyumba kabla ya kuitwa sakafu.
"Pakavu," Ilgvars akasema, akipitisha kiganja.
"Peupe kama unga."
Kweli. Juu palikuwa pakavu.
Uso ndio wa kwanza kusema uongo.

Nikabandika kipande cha nailoni, gundi pande nne.
Asubuhi, chini yake: jasho.
Matone mamia, madogo kuliko mtama,
na mraba mweusi sakafuni
kama dirisha lililofunguliwa kuelekea chini.
Nikachimba pembeni, nikaponda vipande kwa nyundo,
nikavitia kwenye chupa ya chuma pamoja na kabidi,
nikatikisa, nikangoja mshale.
Nne nukta moja.
Nahitaji mbili, au pungufu.

Akaleta hita. Nikaizima.
Ukilichoma kwa juu linafunga ngozi,
na maji yanabaki ndani, yana subira kukuzidi.
Fungua dirisha dakika kumi, funga.
Hata hewa hapa inatoka Baltiki ikiwa imelowa.

Nimewahi kuharakisha. Mara moja.
Kliniki ya macho, Ventspils.
Mwezi wa pili mbao zilivimba, zikabanana,
zikainuka katikati kama mgongo wa paka mwenye hasira,
mlango ukagoma, na watu waliokuja kwa sababu hawaoni
wakajikwaa mmoja baada ya mwingine.
Nilizing'oa mwenyewe, bila malipo,
gundi ikinuka samaki.
Zege chini lilikuwa jeusi, baridi, halina hatia.
Maji yalikuwa yametafuta mlango, basi.
Mimi ndiye niliyekuwa nimeupigilia misumari.

Ijumaa Austra akafika.
Akasimama kizingitini, akaukagua ule ukijivu wote.
"Tumehamia barabarani?"
Tukamtandikia jikoni, karibu na jiko.
Chai tukainywea juu ya pakiti za mwaloni.

Tangu hapo kila asubuhi, kabla hajavaa miwani,
ananiita: "Ngapi leo?"
kama mtu anayeulizia homa ya mtoto.
Nabonyeza pini mbili za kipimo kidogo, nasoma kwa sauti.
Tatu nukta tatu.
Mbili nukta tisa.
Jumapili mvua ilinyesha, haikushuka hata chembe,
na hakuna aliyezungumza mpaka mchana.

Leo nimechelewa, tramu ilikwama.
Nimemkuta Ilgvars amepiga magoti chumba cha nyuma,
soksi tupu, simu mdomoni kama tochi,
anabandua kona ya nailoni
taratibu, kama bandeji.
"Manane," akasema.
Alikuwa ameyahesabu.