Siagi, si Sabuni

Wanja wa kwanza aliouona
haukuwa wa mama.
Ulikuwa wa Idwal Pugh, baba yake, mchimba makaa ya mawe
katika bonde moja la Wales ambako mvua haina msimu.
Akitoka shimoni huoga, hujisugua hadi ngozi ikaiva,
na bado kope zimezungushiwa weusi
kama za biharusi.
Mtoto alikaa ngazini akimtazama.
Hakuna aliyemwambia kwamba ule ulikuwa uchafu.

Jina alilobatizwa nalo silitaji.
Alilitumia miaka kumi na tisa, akalirudisha likiwa zima.
Eluned ndilo analoitikia.
Kwao huko watu huuliza kwanza, yeye yupi, wa kike au wa kiume?
na sentensi husimama mlangoni ikingoja jibu.
Mimi naishukuru lugha yangu.
Amekuja. Apewe kiti.

Alifika Cardiff na sanduku la kadibodi,
mchana akasugua masufuria ya hoteli,
usiku, juu ya baa moja karibu na gati,
akapanda jukwaani kwa gauni alilolishona kwa pazia
la kanisa, la kijani, tundu za pete zikionekana mabegani,
akajiita Malkia wa Makaa.

Kisha vilabu vya wachimbaji, bonde kwa bonde:
Jumamosi, bia, bahati nasibu, pai ya nyama,
halafu yeye.
Walicheka wakashika mbavu.
Walilipa kumwona mwanamume anayejifanya mwanamke.
Naye, nyuma ya rangi ya midomo,
alikuwa mwanamke anayejifanya mwanamume
anayejifanya mwanamke,
na taabu yote hiyo kwa pauni nane
na nauli ya basi.

Asiyekujua hakuthamini, walisema wahenga.
Hawakusema lolote juu ya wanaokujua.

Akiba aliiweka katika kopo la biskuti.
Mwaka wa sabini na tisa kopo lilijaa.
Akaenda London, akalala hospitali wiki mbili,
akarudi akitembea polepole, kama mtu aliyebeba mayai.
Wakala wake, Bwana Prosser, alimkagua toka juu hadi chini
akayakata malipo nusu.
"Zamani ulikuwa kichekesho," akasema.
"Sasa wewe ni mwanamke tu, umevaa gauni."
Alilia hadi kituo cha basi.
Ndani ya basi akaanza kucheka,
maana tangu azaliwe
hakuna aliyewahi kumsifu hivyo.

Ukaja mgomo. Mwaka mzima magurudumu ya shimo
yalisimama angani bila kazi.
Akarudi kuimba katika ukumbi wa kijiji chao;
kiingilio viazi, mkate, makopo ya maharagwe.
Na nyuma kabisa, kofia magotini, Idwal.
Hakupiga makofi.
Hakuondoka.
Watu walipokwisha kutoka alivibeba viti,
akavipanga ukutani kimoja kimoja, bila haraka,
hata kikabaki kile alichokalia mwanawe.
"Hilo jicho la kushoto," akasema kwa Kiwelisi,
"umelizidisha."
Basi. Miaka kumi na tatu ya kimya,
na neno la kwanza likawa la fundi kwa fundi.

Sasa ana sabini na nne, na goti la chuma.
Alhamisi huwafungia zipu vijana wa chumba cha nyuma,
huwatafuna kwa maneno, huwakopesha hereni asizozidai.
Wakimuuliza historia
yeye huwatajia bei ya soksi ndefu mwaka wa sabini na moja.

Jana mmoja, Macsen, alikuwa akijisugua macho kwa sabuni,
kope zimevimba, karibu alie.
Eluned akafungua mkoba, akatoa kichupa,
akachovya kidole.
"Siagi. Mama yangu alimfuta baba hivi
kila usiku wa kuamkia kanisa."
"Na ilitoka?"
"Yote? Haitoki yote, kipenzi.
Fumba macho."