Henga ya Nguo

Jumatatu, Hull, mvua nyembamba kutoka mto Humber,
na magari foleni mbele ya mashine ya kuponda.
Kazi niliyopewa na Bwana Ackroyd ni ndogo:
nitoe antena, nitoe betri, niondoke njiani.

Ya Volvo hii hujipandisha yenyewe.
Ukiwasha redio inachomoza, pingili juu ya pingili,
kama mwanafunzi aliyeitwa jina na hajui swali.
Naiwasha, niione tu ikisimama.
Inakwama nusu. Inasaga meno. Inarudi chini.

Ile ya Peugeot ni ya mpira, fupi, kidole gumba juu ya paa:
haisikii mbali, ila brashi za kuoshea gari haziivunji.
Ile nyeusi, pezi la papa, nyimbo kwake ni kazi ya pembeni,
shughuli yake ni kuuliza setilaiti, tuko wapi?
Uani kwa Ackroyd, dada. Injini yako imeshauzwa.

Na zipo zisizoonekana, nyuzi ndani ya kioo cha nyuma,
mshono wa fundi asiyetaka kusifiwa.
Kioo kikipasuka, na sauti imekwenda.

Gari ni sanduku la bati.
Mawimbi yanafika mlangoni, yanakatazwa kuingia.
Lazima mmoja akae nje, mvuani, ayapokee.

Saa saba nafika kwenye Vauxhall nyekundu.
Ufito wake ulivunjwa zamani, na katika tundu
mtu amechomeka henga ya nguo, ya waya,
nusu kainyoosha, nusu kaiachia mabega.
Ackroyd anacheka mpaka anakohoa.

Mimi namkumbuka baba mdogo, Ujiji, na redio yake ya mbao.
Alifunga uma, akafunga kijiko, mpira ukazidi kukwaruza,
mpaka nilipopita dirishani na mtangazaji akasema wazi: kona!
"Usisogee, Mrisho! Hapo hapo! Inua mkono!"
Dakika tisini nilisimama, na za nyongeza.
Bao sikuliona wala sikulisikia, masikio yalikuwa yao.

Nawasha redio ya Vauxhall. Mchanga, mchanga,
kisha mwanamke, mbali, anasoma hali ya bahari.
Naishika henga. Sauti inatakata:
upepo wa kusini-magharibi, mawimbi ya wastani, mwonekano mzuri.

Honi ya mashine inalia. Ackroyd anapunga.
Dakika mbili, namwambia, sijui kwa lugha gani,
mkono bado juu.