Kwa Hiari Yangu

Tukuyu, mvua ya saa nne, ile isiyo na ngurumo,
imekaa juu ya mabati kama mgeni asiye na safari.
Kibanda changu kipo nyuma ya mahakama ya mwanzo:
kompyuta moja, printa inayotafuna karatasi,
kidau cha wino wa dole gumba.

Maneno haya siyachapi tena. Nimeyahifadhi, nayabandika:
*kwa hiari yangu mwenyewe, nikiwa na akili timamu,
bila kushurutishwa na mtu yeyote.*
Mia tano kwa ukurasa. Hiari imo humo humo katika bei.

Tusekile aliingia katikati ya mashemeji wawili,
Ambwene, na yule mdogo, Asangalwisye, ndani ya koti la marehemu.
Shamba lipo upande wa Kyimbila:
migomba, mistari sita ya kahawa,
na kaburi ambalo saruji yake bado ina unyevu.

Nikamsomea. Akanikatiza kwenye neno la pili.
"Hiari ndiyo nini? Si kwamba sijui. Lifungue."

Nikalifungua, kama alivyonifungulia mwalimu mmoja
kabla ada haijanitoa darasani:
lilitoka Uarabuni na kh ya kukwaruza koo,
pwani wakaikwangua,
likatufikia huku juu laini, kokoto ya mto Kiwira.
Ni ndugu wa heri, tumbo moja.
Kuchagua, kumbe, ni kuiona heri
na kuinyooshea mkono.

"Heri ya nani?"

Ambwene akatazama saa. Printa ikakohoa.

"Mimi mama yangu alinipa *londa*," akasema.
"Ngulonda, nataka. Ngulonda, natafuta.
Akitaka chumvi, akitafuta mbuzi aliyepotea,
kinywa kilikuwa kile kile.
Sasa hapo ulipoandika nataka kuwapa,
soma natafuta.
Sijapata."

Asangalwisye akamshika dole gumba, akalichovya,
taratibu, kwa adabu zote,
kama anayemnywesha mgonjwa uji.
Ningesema sikuwahi kuona mkono ukishikwa hivyo.
Nauona kila Jumatatu.

Dole likaning'inia juu ya jina lake.
Kisha likageuka, likajifuta kwenye koti,
pale kifuani, penye mfuko,
polepole, mpaka wino ukaisha.
Hakusema kitu. Akachukua mwavuli,
na mwavuli haukuwa wake.

Hawakunilipa.

Jioni nilikifungua kile kifungu nilichokihifadhi.
Sikukifuta; kibanda kina kodi.
Ila sikibandiki tena. Nachapa herufi kwa herufi,
h, i, a,
na kabla sijaigusa r
nainua macho nione mkono wa aliyeketi mbele yangu
umeshikwa na nani.